Mkono Unaofutwa Kwenye Kitenge

Grasiana fundi cherehani hakuwa mtu wa kuchukia watu ovyo, lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomchefua hadi tumboni, nacho ni mkono wa Mama Angel. Si kwamba ulikuwa mchafu. Ulikuwa mkono wa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa, umepakwa mafuta, umevikwa saa ya rangi ya dhahabu, na kucha zake zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote pale Kambi ya Juu. Kilichomchefua ni ule mchezo wake wa kila Jumapili. Waumini wakiambiwa watakiane amani, Mama Angel aligeuka nyuma na tabasamu lake la kanisani, akampa mkono Grasiana, akampa mkono Pendo, binti wa Grasiana, kisha akaurudisha kimyakimya na kuufuta kwenye kitenge chake. Aliufuta kiganja, akaufuta mgongo wa mkono, halafu akavifuta vidole kimoja kimoja kama mtu aliyetoka kuparua samaki. Na kitenge chenyewe, jamani, kilishonwa na Grasiana.

Wengine waliiga. Mwenyekiti akifuta, nani atabaki na mkono usiofutwa? Kwa hiyo benchi zima lilitoa amani na kujipangusa, na Pendo alikaa pale akitazama. Watu walidhani hatazami, maana macho yake hayakai usoni mwa mtu. Mama yake alijua kwamba mtoto yule anaona kila kitu, ila haoni haja ya kukuangalia wewe.

Kambi ya Juu ipo nje kidogo ya Mnyuzi, ukivuka reli. Zamani ilikuwa kambi ya vibarua wa mkonge. Babu yake Grasiana aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, mkataba ukaisha, nauli ya kurudi haikuonekana, akaoa na kuzikwa hapo hapo. Wajukuu wa watu kama yeye sasa wanalima mahindi na michungwa, wanafanya biashara ndogondogo, wanaishi ukuta kwa ukuta na Wazigua waliokuwepo tangu awali. Upande huu rozari, upande ule mswala, wengine wameoana wakabaki kila mtu na dini yake, na mbuzi wa wote wanalala zizi moja. Grasiana alijifunza kushona kwa mama yake, na cherehani chake cha miguu ndicho kilichovalisha kambi nzima, tangu sare za shule mpaka kanzu za sikukuu ya Idi.

Mume wake, Yordani, aliondoka siku nyingi. Daktari alipowaeleza kwamba mtoto wao ana usonji, kwamba hakuna aliyemroga na kwamba ndivyo ubongo wake ulivyoumbwa, Yordani alitembea mbele yao njia nzima ya kurudi. Mwezi haukuisha akatamka kwamba kwao hakuna kitu cha namna hiyo. Akahamia Handeni, mtaa wa Chanika, akaoa mwanamke mwingine na kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Grasiana hakumlilia. Alimwonea kinyaa tu, akaendelea kushona.

Pendo alikua. Alifika umri ambao wasichana wenzake walishaanza kutumwa dukani, yeye akiwa na maneno machache ya kuhesabika. Aliishi chini ya meza ya cherehani. Alichagua vipande vya vitambaa vilivyodondoka, akavipitisha mdomoni kuonja ulaini wake, akavipanga kwa namna aliyoijua mwenyewe. Mlio wa cherehani aliupenda kuliko sauti ya mtu. Alikula ugali mweupe bila mchuzi kuugusa. Mkono alikupa mwenyewe ukimnyooshea, lakini kichwa ukikigusa umetafuta ugomvi. Na alichokuwa hawezi kabisa ni ngoma na spika.

Sasa kigango chao, kanisa dogo lisilo na padre wake, kilikuwa na spika. Walichangishana mpaka wakanunua spika za kutosha uwanja wa mpira, wakazifunga ndani ya kanisa la bati lisilozidi ukubwa wa darasa. Kinanda kikianza, Pendo aliziba masikio na kupiga kelele kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mama mwenye mkanda wa usimamizi akaja mbio, akawatoa nje, akawakalisha kwenye jiwe karibu na choo. Walipaita pale "sehemu maalumu". Kinanda kikinyamaza, wakati wa kutakiana amani, walirudi benchini; kikilia tena, wakatolewa. Grasiana alisikiliza injili ya Bwana akinusa choo cha shimo, na kila aliyetoka kujisaidia alimwinamia kwa huruma.

Ile huruma ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote. Mmoja alimletea chumvi ya baraka. Mwingine akamuuliza, kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika mpaka barabarani, kama wakati wa mimba hakukanyaga kitu. Wa tatu alimshauri amfiche mtoto ndani ili asije akawatia hofu wajawazito. Wote hao alishawashonea nguo. Alijua viuno vyao na matumbo yao, alijua nani anajaza kifua kwa vitambaa, na hakumwambia mtu. Wao walishindwa kunyamaza juu ya mtoto mmoja.

Hata hivyo hakuacha kwenda, na sababu ilikuwa Pendo mwenyewe. Padre alipotoka parokiani kuja kusoma misa, watu walipanga foleni ya komunyo, na Pendo alinyanyuka kwenye jiwe lake na kupanga nao. Hakusukuma mtu. Alifika mbele na viganja vimekingwa sawasawa, cha kushoto juu ya cha kulia, kama alivyoona wengine wanafanya. Padre mzee wa wakati ule alimpita, au alimwekea mkono kichwani, na hapo kelele zikaanza. Akirudi kwa mama yake alikuwa bado amekinga viganja vitupu, anauliza neno moja.

"Yangu?"

Wenzake wa rika lake walikuwa wameshapokea wote, na magauni yao meupe alishona mama yake. Grasiana alijibu "kesho", akajibu "keshokutwa", mpaka siku moja lile jibu likamchefua kama mkono wa Mama Angel. Aliona anamdanganya mtoto ili kanisa lisisumbuke. Akatoka kwenda kwa katekista.

Katekista Deogratius alikuwa mtu mpole, na Grasiana aliudharau upole wake, maana ulikuwa upole wa mtu anayeogopa kila mtu.

"Tumsifu Yesu Kristo, katekista."

"Milele, amina. Karibu, Mama Pendo."

"Nimekuja kuuliza komunyo ya mwanangu. Atapokea lini?"

Deogratius alikuna shingo. "Mimi sina neno, mama. Lakini unajua utaratibu wetu. Mtoto analetwa na jumuiya. Mwenyekiti wako akimdhamini, mimi nampokea kwenye mafundisho hata kesho."

Grasiana akaenda kwa Mama Angel. Alimkuta barazani anachambua mchele.

"Tatizo, Mama Pendo," alisema Mama Angel bila kuinua uso, "jumuiya haijawahi kusali kwako. Sisi tunazunguka nyumba kwa nyumba, tunafahamiana. Tutamdhaminije mtoto wa nyumba tusiyoijua?"

"Hamjawahi kusali kwangu kwa sababu mnairuka nyumba yangu. Zamu ikitoka kwa Mama Hashim inaenda kwa Edna. Mimi nipo katikati yao."

"Tuliona tusikusumbue, dada. Una mzigo wako."

"Mzigo gani?"

Mama Angel akazidi kuchambua mchele.

Hebu fikiria jambo hilo. Nyumba inarukwa kwa sababu ya mtoto, kisha mtoto anakataliwa kwa sababu nyumba ilirukwa. Na watu wazima wenye akili zao, wanaofunga Kwaresima na kusali rozari, hawakuona kitu. Grasiana alitamani kutema mate pale pale barazani. Akayameza.

"Jumamosi hii zamu ni yangu," alisema. "Njooni. Naomba kitu kimoja tu: msije na ngoma, na msipige makofi. Imbeni taratibu."

"Hilo tu? Wala usijali," alisema Mama Angel.

Jumamosi ikafika. Grasiana alifagia uwanja, akatandika mikeka, akachemsha viazi na chai ya tangawizi. Cherehani alikisogeza pembeni ya ukumbi, Pendo chini yake na vitambaa vyake. Juu ya meza yake kulikuwa na rundo la vitenge vya jumuiya vilivyokwisha kukatwa, mikono mbali, migongo mbali, vinavyongoja kushonwa kwa ajili ya sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wa kigango. Moyo wake ulikuwa mwepesi asubuhi ile, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alifurahi.

Walikuja na ngoma. Walikuja pia na mgeni, mwanamke kutoka Korogwe mjini mwenye kilemba cheupe, chupa ya mafuta na dumu la maji ya baraka.

"Huyu ni dada yetu mwenye karama," alisema Mama Angel, uso unang'aa. "Tumekuletea zawadi, Mama Pendo. Leo yanakwisha."

Waliamini kweli ni zawadi. Walikuwa wameliombea jambo hilo wiki nzima, wamechangia nauli ya mgeni, wengine walikuwa hata hawajanywa chai kwa sababu ya kufunga. Grasiana alipokuwa jikoni anaepua sufuria, alisikia ngoma ya kwanza, halafu ya pili, halafu sauti ya mwanaye. Alirudi mbio. Wamama walikuwa wameizingira meza ya cherehani, wanapiga makofi, wanakemea. Wawili walikuwa wamemvuta Pendo kwa miguu kutoka chini ya meza, mwingine amemkandamiza mabega, na mwenye karama alikuwa na kiganja chake chenye mafuta juu ya kichwa cha mtoto, anamtikisa, anamwamuru mtu asiyekuwepo atoke. Pendo alikuwa ameacha kupiga kelele. Mdomo ulikuwa wazi, sauti imekwisha. Kisha sakafu ikalowa chini yake.

"Pepo linatoka!" alipaza sauti mmoja. "Asante Yesu, linatoka!"

Na wakapiga vigelegele.

Grasiana aliwasukuma kwa viwiko mpaka akamfikia mwanaye. Ngoma zilinyamaza zenyewe.

"Amejikojolea," alisema. "Hakuna kilichotoka hapa ila mkojo. Mmemtisha mtoto mpaka amejikojolea, na nyinyi mnampigia vigelegele."

"Mama Pendo, tulia, usimzuie Roho..."

"Nyamaza wewe mwenye dumu! Toka nyumbani kwangu. Tokeni wote. Mnanitia kinyaa. Mnafuta mikono kama mmeshika kinyesi, halafu mnakuja kumshika mwanangu kwa nguvu mkisema mnampenda. Tokeni!"

Akalibeba rundo la vitenge vilivyokatwa, akalirusha uwanjani. Mikono ya nguo ikaruka huku, migongo kule, kola zikamwangukia kuku aliyekuwa anachakura.

"Na hivyo mkashonewe na mwenye karama!"

Walitoka wakiokota vipande, mmoja anauliza hiki ni mkono wa nani, mwingine anajibu si wangu, wangu una ndege. Deogratius alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, rozari mkononi, kama nguzo. Grasiana alimtazama.

"Na wewe?"

Deogratius akainamisha kichwa, akaondoka.

Aliyekuja kusaidia ni jirani, Bi Tatu, mjane wa Kizigua ambaye hajawahi kuingia kanisani maishani mwake. Aliita hodi kwa sauti ya chini, kama alivyozoea kwa ajili ya Pendo, akaleta ndoo ya maji ya uvuguvugu, akashika kanga yake iwe pazia mtoto aogeshwe. Hakuuliza mwanzo wala mwisho.

"Miye nimesikia ngoma nikadhani mnaozesha," alisema hatimaye. "Nikawa namuuliza mjukuu wangu Shamsia, mbona hatukualikwa?"

Grasiana akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Alilia kwa hasira. Bi Tatu alimwacha alie, akasugua sakafu.

Wiki iliyofuata Pendo hakutoka chini ya meza. Hata ugali aliula huko huko. Na katika wiki hiyo hiyo Deogratius alikuja, peke yake, bila kitabu wala rozari. Grasiana hakusimamisha cherehani.

"Nilisimama tu pale mlangoni," alisema Deogratius.

"Nilikuona."

"Niliona wanakosea. Nikaogopa Mama Angel."

"Hilo nalo nililiona."

"Nifanye nini, Mama Pendo?"

"Mimi nitajuaje? Katekista ni wewe. Kaa chini. Usimguse. Usiimbe."

Akakaa chini, sakafuni, na suruali yake ya heshima. Akarudi kesho yake, na tena. Alileta picha za watakatifu, Pendo akazigeuza upande mweupe. Akajaribu kuuliza maswali ya katekisimu, akajibiwa na ukuta. Grasiana alimtazama kwa jicho la pembeni akimngoja achoke. Badala ya kuchoka, alianza kuangalia. Aligundua kwamba cherehani kikinyamaza Pendo anarudi kujikunyata ukutani, na kikilia anasogea. Basi akaacha kumngoja Grasiana amalize kushona ndipo afundishe. Alifundisha ndani ya mlio ule ule, polepole, maneno machache kila pindo.

"Yesu alikaa na rafiki zake. Akachukua mkate. Akaumega. Akawapa."

Siku moja kutoka chini ya meza ikatoka sauti.

"Yangu?"

Deogratius alimtazama Grasiana, na mguu wa Grasiana ukasita kwenye pedali.

"Usisimamishe," alisema katekista. Kisha, kwa mtoto: "Yako, Pendo. Lakini si mkate wa chai. Huu ni Yesu mwenyewe."

Alileta hostia, mikate myembamba ya komunyo, ambazo bado hazijabarikiwa ili mtoto aizoee ladha yake. Pendo aliinusa ya kwanza, akaiweka mdomoni, uso ukakunjamana, akaitema. Ikaangukia kwenye kiganja cha Deogratius, imelowa mate, imekuwa uji. Hapo Grasiana aliacha kushona. Aliutazama mkono ule wa mwanamume akingoja aufute kwenye suruali, maana alikuwa amengoja jambo hilo kwa watu wote, miaka yote, na hajawahi kukosea. Deogratius aliyaangalia yale mabaki, akayaweka kwenye kisahani, na kwa mkono huo huo ulioloa akachukua hostia nyingine, akaimega ikawa ndogo.

"Labda ilikuwa kubwa," alisema.

Grasiana akainamia cherehani, akawa anashona mahali palipokwisha kushonwa.

Padre mpya alipokuja kigangoni, kijana aliyetoka seminari si muda mrefu, Deogratius alimpelekea jambo hilo mbele ya baraza zima la kigango.

"Jumuiya ipi imemdhamini?" aliuliza padre.

"Jumuiya haijamdhamini. Namdhamini mimi."

Mama Angel alikohoa. "Padre, mtoto hajui hata Baba Yetu."

"Anajua kwamba komunyo si mkate wa kawaida?" padre alimuuliza katekista.

"Anajua kuliko baadhi yetu."

Padre akasema basi, atapokea sikukuu ya somo. Deogratius akaongeza kwamba misa hiyo isiwe na spika wala ngoma, na kwamba mama na mtoto wakae benchi la mwisho karibu na mlango, si kwenye jiwe la chooni, ili Pendo akizidiwa atoke na akitulia arudi. Baraza lilinung'unika. Sikukuu bila ngoma? Wamefiwa? Deogratius aliwajibu kwamba ngoma zitapigwa nje mchana wakishakula.

Siku yenyewe jumuiya ilivaa vitenge vilivyoshonwa mjini kwa haraka na fundi asiyewajua. Wengine mikono iliwabana, na ndege waliochapwa kwenye kitenge cha Mama Angel walikuwa kichwa chini miguu juu. Grasiana aliyaona yote kwa mtazamo mmoja, na Mungu amsamehe, alifurahi.

Waliimba kwa sauti tupu. Wakati wa amani katekista aliwaelekeza wainamiane vichwa, wakainamiana. Pendo alitoka nje mara moja, akazunguka kanisa, akarudi. Foleni ilipopangwa alisimama na kwenda, viganja vimekingwa, na mama yake akamfuata nyuma.

"Mwili wa Kristo," alisema padre.

Pendo hakusema amina. Alisema, "Yangu." Safari hii hakuwa anauliza.

Padre akaimega hostia, akampa kipande kidogo. Uso ulikunjamana kama kawaida, shingo ikajikaza, na akameza.

Nje baada ya misa watu walimzunguka kumpongeza. Wale wale. Sasa kila mtu alitaka kuonekana anampa mkono mtoto wa Mama Pendo, na padre yupo anaangalia, na simu za picha ziko juu. Grasiana aliitazama mikono yao. Wa mbele kabisa alikuwa Mama Angel.

"Hongera, mwanangu! Amani ya Kristo!"

Pendo alimpa mkono. Kisha akaurudisha, akaufuta kwenye gauni lake jeupe. Aliufuta kiganja, akaufuta mgongo wa mkono, halafu vidole, kimoja kimoja, kwa uangalifu mkubwa na bila hasira yoyote. Akampa mkono Edna, akaufuta. Akampa mkono Mama Hashim, akaufuta. Simu zikashuka moja moja.

"Mbona ananifuta?" aliuliza Mama Angel, sauti imepanda. "Kwani mimi nina nini?"

"Huna kitu, Mama Angel," alisema Grasiana. "Amekuangalia wewe miaka yote hii. Anajua ukishampa mtu amani, ndivyo inavyomaliziwa."

Mkono wa Mama Angel ulikuwa umeshafika njiani kuelekea kwenye kitenge, kwa mazoea. Ukaishia hapo hapo, kati ya tumbo na wale ndege waliopinduka, haujui pa kwenda. Na Pendo, ambaye haangalii watu, alikuwa anauangalia mkono ule, akingoja ufutwe.